Maktaba mpya ya hifadhidata ndani ya fremuweki ya zamani: kisa cha rekodi zilizopotea bila kelele

Majina ya kampuni, ya watu na ya mfumo yameondolewa, na mambo machache ya kibiashara yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Upande wa kiufundi umeachwa ulivyokuwa.

## Usuli

Mfumo wenyewe ni wa kusimamia oda: mteja anaagiza, mhudumu anakubali, stoo inatoa mzigo. Uliandikwa kwa Python juu ya Flask, fremuweki ya kujengea programu za wavuti, na kisa kinapoanza ulikuwa bado kwenye Flask 1.1, mfululizo uliotoka mwaka 2019. Hifadhidata ni PostgreSQL. Kazi za nyuma ya pazia, kama kutuma barua pepe na kuandaa ripoti za usiku, zilifanywa na Celery.

Kati ya msimbo na majedwali kulikuwa na SQLAlchemy 1.3, maktaba inayozungumza na hifadhidata kwa niaba ya msimbo. Na kati ya SQLAlchemy na Flask kulikuwa na wa tatu, ambaye kwa miaka mingi hakuna aliyemtazama usoni: kiendelezi cha Flask-SQLAlchemy, toleo la 2.4. Ndicho kilichofungua sesheni (mazungumzo ya programu na hifadhidata) ombi lilipoingia, kikaifunga lilipotoka, kikayapa majedwali majina kutokana na majina ya klasi, kikatupa `Oda.query` na `paginate()` na `get_or_404()`. Tulikuwa tukisema "SQLAlchemy inafanya hivi" kumbe nusu ya tuliyoyasema yalikuwa ya kiendelezi.

Pembeni, timu hiyohiyo ilianza kuandika huduma mpya iliyosoma hifadhidata ileile. Huduma hiyo ilizaliwa na SQLAlchemy 2.0, toleo lililotoka Januari 2023, pamoja na mtindo wake mpya wa kuandika modeli (klasi zinazoeleza majedwali) kwa `Mapped[...]` na `mapped_column()`. Ikawa kila jedwali lina modeli mbili: moja ya kizamani, moja ya kisasa. Haikuchukua muda mtu akaongeza safu moja kwenye modeli ya upande mmoja na kuisahau upande wa pili. Hapo ndipo tulipokubaliana kuwa modeli zote ziwe kwenye pakeji moja, zitumiwe na mifumo yote miwili. Pakeji hiyo ingeandikwa kwa mtindo wa 2.0. Maana yake mfumo wa zamani ulipaswa kubeba maktaba mpya.

## Kwa nini hatukupandisha Flask yenyewe

Swali hili tuliulizwa na kila aliyesikia habari hii, na jibu la mkato ni kwamba tulitaka. Flask-SQLAlchemy 3.0 inafanya kazi vizuri na SQLAlchemy 2.0, ila inadai Flask 2.2 au zaidi. Mfumo wetu ulikuwa na kiendelezi cha ndani cha kuingia na cha ruhusa, kilichoandikwa na mtu aliyekwisha kuondoka, nacho kiliingiza mikono hadi matumbo ya Flask. Kilitumia `_request_ctx_stack` moja kwa moja, kikaagiza vitu kutoka `flask._compat`, moduli iliyoondolewa Flask ilipofika 2.0. Kukiandika upya kulimaanisha kugusa kila ukurasa unaolindwa kwa nenosiri. Hakuna aliyethubutu kuifanya kazi hiyo sambamba na kubadili maktaba ya hifadhidata, na nadhani hofu hiyo ilikuwa ya busara: mambo mawili yakivunjika kwa pamoja, hujui lipi limelivunja lingine.

Zikabaki njia mbili. Ya kwanza ni kuendelea na modeli mbilimbili na kutegemea kumbukumbu za watu. Ya pili ni kukiondoa kile kiendelezi cha kati na kuiunganisha SQLAlchemy na Flask kwa mikono yetu. Flask haina habari na hifadhidata hata kidogo. Haijali ni maktaba gani unatumia, toleo gani, wala kama unatumia yoyote. Hilo lilitupa moyo, tukachagua njia ya pili.

## Siku ya kwanza: makosa yenye kelele

Kabla ya kupanga lolote, mwenzetu mmoja alijaribu njia ya mkato. Alibadilisha namba za matoleo kwenye faili ya mahitaji na kuona kitakachotokea. Sina ubaya na jaribio la namna hiyo; linakuonyesha ukuta uko wapi.

Alianza na SQLAlchemy 1.4, ambayo ni daraja rasmi kati ya 1.3 na 2.0. Programu haikuwaka: `AttributeError: can't set attribute`. Sababu ni kwamba kuanzia 1.4 anwani ya hifadhidata ni kitu kisichobadilishika baada ya kuundwa, na Flask-SQLAlchemy 2.4 ilikuwa na mazoea ya kuirekebisha papo kwa papo. Akapandisha kiendelezi hadi 2.5, tatizo likaondoka. Likaja la pili: anwani yetu ilianza na `postgres://`, jina ambalo 1.4 imelitupa na kubakiza `postgresql://` peke yake. Hilo ni la herufi mbili tu. Kisha akaruka hadi 2.0, na Flask-SQLAlchemy 2.5 ikafa ikilalamika kwamba moduli ya `sqlalchemy` haina `__all__`.

Katikati ya hayo yote likazuka jambo ambalo halikuhusiana na hifadhidata kabisa. Kwa kuwa alikuwa amesakinisha kila kitu upya, pip, zana ya kusakinisha pakeji za Python, ilileta MarkupSafe mpya, na Jinja2 ya zamani inayokwenda na Flask 1.1 ikaitafuta `soft_unicode`, isiipate. Flask yetu ilikuwa 1.1.2, ambayo haikuwekea ukomo matoleo ya maktaba inazozitegemea. Tukahamia 1.1.4, inayozuia Werkzeug, Jinja2 na itsdangerous zisivuke mfululizo wake wa zamani, na MarkupSafe tukaifunga wenyewe. Anayebaki na fremuweki ya zamani afunge namba za kila kitu kinachoizunguka, hadi zile pakeji ambazo hajawahi kuziagiza kwa jina.

Haya yote yalimalizika kabla ya jioni. Kila kosa lilisema jina lake na mstari lilipotokea. Nayaeleza kwa kirefu kidogo kwa sababu yalitudanganya: tulitoka hapo tukiamini kwamba kuhama maktaba ni kufuata makosa mmojammoja hadi yaishe.

## Daraja tuliloandika

Moduli iliyochukua nafasi ya kiendelezi ilikuwa fupi. Kiini chake ni hiki:

```python
engine = create_engine(ANWANI, pool_pre_ping=True)
Session = scoped_session(sessionmaker(bind=engine))

Msingi.query = Session.query_property(query_cls=UlizoLetu)

@app.teardown_appcontext
def funga_sesheni(kosa=None):
    Session.remove()
```

`Msingi` ni klasi mama iliyotoka kwenye pakeji ya pamoja. `UlizoLetu` ni klasi ndogo iliyorithi `Query` na kuongezewa `paginate()`, `get_or_404()` na `first_or_404()`, kwa tabia zilezile za awali. Kwa hiyo mamia ya mistari kama `Oda.query.filter_by(...)` hayakuguswa. Watu wengi hudhani 2.0 imeiondoa `session.query()`, haijaiondoa, imeiita ya kizamani tu na inaendelea kufanya kazi. Kuandika upya maulizo yote kwa `select()` kungekuwa kujitafutia kazi.

Majina ya majedwali tuliyaandika moja moja kwa `__tablename__`. Kiendelezi kilikuwa kikiyatunga chenyewe kutokana na jina la klasi, na tungeweza kuiga kanuni yake, lakini pakeji inayotumiwa na mifumo miwili haipaswi kutegemea uchawi wa mmoja wao. Zana ya kubadili muundo wa majedwali nayo tukaitoa kwenye Flask-Migrate na kutumia Alembic moja kwa moja. Mara ya kwanza tulipoiomba Alembic ilinganishe modeli na hifadhidata, ilipendekeza kufuta majedwali kadhaa yenye data. Moduli za modeli hizo hazikuwa zimeagizwa, kwa hiyo kwake majedwali hayo hayakuwa na mwenyewe. Tuliisoma faili kabla ya kuiendesha, tukapona.

Kikwazo kingine kilitoka upande wa Python. Huduma mpya ilikuwa juu ya 3.11, mfumo wa zamani juu ya 3.9. Modeli zilizoandikwa `Mapped[str | None]` hazikusomeka upande wa zamani, kwa kuwa alama hiyo inafanya kazi kuanzia 3.10. Tukakubaliana kutumia `Optional[str]` ndani ya pakeji ya pamoja, hata kama haipendezi macho ya walio upande mpya.

## Kwenye seva ya majaribio

Mambo mawili yaliibuka hapa, na yote mawili hayakutoa kosa lolote kwenye skrini.

La kwanza lilihusu kitufe cha kunakili oda. Mjaribu alinakili oda yenye bidhaa sita, akapata oda mpya isiyo na bidhaa hata moja. Msimbo ulikuwa ukiunda `Oda` mpya, ukiiweka kwenye sesheni, kisha ukiunda kila bidhaa kwa `BidhaaYaOda(oda=oda_mpya, ...)`. Zamani hiyo ilitosha. Ukikihusisha kitu kipya na kitu kilichomo tayari kwenye sesheni, kipya kinavutwa ndani kupitia uhusiano wa kurudi. Toleo la 2.0 limeacha kuvuta kwa njia hiyo: kinachotakiwa kuingia kwenye sesheni uingize mwenyewe, au kiongeze kwenye orodha ya mzazi. Kumbe kwenye logi kulikuwa na onyo linaloeleza kwamba kitu hakimo kwenye sesheni na kuongezwa kwake hakutaendelea. Lilikuwepo tangu siku ya kwanza, limezikwa katikati ya maonyo mengine.

La pili lilijitokeza mahali ambapo hatukutarajia. Mtu aliendesha mabadiliko ya muundo, `ALTER TABLE` ya kuongeza safu moja, nayo ikaganda. Na nyuma yake kila ombi lililogusa jedwali hilo likaganda pia. Kwenye `pg_stat_activity`, orodha ya PostgreSQL ya miunganisho iliyo wazi, tukakuta miunganisho ya Celery imekaa katika hali ya `idle in transaction`, yaani imefungua muamala (kundi la amri linalothibitishwa lote au kubatilishwa lote) na haifanyi kitu, mingine kwa saa nyingi. Toleo la kwanza la daraja letu lilikuwa limetundika `Session.remove()` kwenye `teardown_request`. Ombi la wavuti likiisha, sesheni inafungwa. Lakini kazi ya Celery haina ombi. Ina muktadha wa programu peke yake. Sesheni zake hazikufungwa kamwe. Kila mfanyakazi wa Celery alisoma kitu, akamaliza kazi, akabaki ameshikilia muamala wazi pamoja na kufuli yake ndogo ya kusoma, ambayo inatosha kabisa kuizuia `ALTER TABLE`. Na `ALTER TABLE` inayosubiri inawazuia wote waliopanga foleni nyuma yake.

Tukaihamishia kwenye `teardown_appcontext`, kama inavyoonekana kwenye kipande cha juu. Kiendelezi cha zamani kilikuwa kikifanya hivyohivyo miaka yote. Tulikuwa tumenakili kazi yake bila kuisoma kwanza.

## Uzalishaji, na kimya

Tulipandisha kwenye uzalishaji, yaani mfumo wanaoutumia wateja, usiku wa katikati ya juma. Asubuhi grafu zote zilikuwa tulivu: makosa hayakuongezeka, kasi haikubadilika, oda ziliingia. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini nani anawakumbuka wahenga grafu zikiwa za kijani.

Siku ya tatu idara ya wateja iliuliza swali la kawaida: oda fulani ilibatilishwa, nani aliibatilisha? Majibu ya namna hiyo hutoka kwenye jedwali la historia, linaloandika kila badiliko la hali ya oda, aliyelifanya na saa. Oda hiyo haikuwa na historia. Tukatafuta nyingine ya siku hiyo, nayo haina. Rekodi ya mwisho ya jedwali zima ilikuwa ya dakika chache kabla ya kupandisha toleo jipya.

Dhana ya kwanza ilikuwa kwamba fanksheni ya kuandika historia haiitwi tena. Tukaweka mstari wa logi: inaitwa. Je, inatupa kosa linalomezwa mahali? Hapana. Mwenzetu mmoja akapata wazo la kuangalia kaunta ya namba za jedwali, ile ambayo PostgreSQL hutoa namba inayofuata ya `id`. Kaunta ilikuwa ikisonga. Kila oda ilipobadilika hali, namba iliruka mbele moja, na jedwali halikuongezeka kitu. Kaunta za PostgreSQL haziheshimu miamala: namba ikishatolewa hairudishwi, hata muamala ukibatilishwa. Basi rekodi zilikuwa zinaandikwa kweli, kisha zinafutwa kwa kubatilishwa muamala.

Kuanzia hapo haikuchukua dakika kumi. Fanksheni ya historia haikutumia sesheni. Ilikuwa na SQL ghafi (amri ya hifadhidata isiyopitia modeli), iliyoandikwa zamani hivi:

```python
engine.execute("INSERT INTO historia_ya_oda ...")
```

Katika 1.3 mstari huo unajithibitisha wenyewe. Maktaba inautazama, inaona ni `INSERT`, inathibitisha muamala bila kuulizwa. Toleo la 2.0 limeondoa `engine.execute()` na limeondoa pia tabia ya kujithibitishia. Wakati wa maandalizi, mmoja wetu (ni mimi) alitafuta kila `engine.execute` na kuibadilisha iwe:

```python
with engine.connect() as conn:
    conn.execute(text("INSERT INTO historia_ya_oda ..."))
```

Hakuna `conn.commit()`. Katika 2.0 muunganisho unaofungwa bila kuthibitisha hubatilisha kilichofanyika ndani yake, na hausemi neno. Si kosa kwa mtazamo wa maktaba. Pengine ulitaka hivyo. Ilipaswa kuwa `engine.begin()`, ambayo inathibitisha yenyewe block ikiisha salama. Tofauti ni neno moja.

## Majaribio yetu yalikuwa wapi

Fanksheni hiyo ilikuwa na jaribio, na jaribio lilifaulu kwenye 1.3, 1.4 na 2.0. Hili ndilo lililotuuma zaidi.

Ili majaribio yaende haraka, tulikuwa tumeyajengea mazingira yanayotoa muunganisho mmoja uleule kwa kila anayeomba, ndani ya muamala mmoja mkubwa unaobatilishwa mwisho wa jaribio. Msimbo uliandika historia, jaribio likasoma historia, wote wawili wakiwa ndani ya muamala uleule. Bila shaka rekodi ilionekana. Mazingira hayo yalikuwa yamejengwa makusudi ili kuthibitisha muamala kusiwe na maana yoyote, kisha tukayategemea yatuambie kama muamala umethibitishwa.

Na maonyo? SQLAlchemy 1.4 ina swichi maalumu ya mazingira, `SQLALCHEMY_WARN_20=1`, inayoonyesha kila kitu kitakachokufa kwenye 2.0. Tuliiwasha. Nje ya muamala ule mkubwa wa majaribio, ingesema wazi kwamba amri inajithibitisha kwa njia itakayoondolewa, na ingesema hivyo hata baada ya mabadiliko yangu ya `connect()`. Lakini tuliiwasha kwenye majaribio peke yake, tukahesabu maonyo, tukaona yamepungua kutoka wingi wa kutisha hadi mengi ya kawaida, tukasema yaliyobaki ni ya mitindo. Sikuyasoma yaliyobaki mmojammoja. Idadi ilinitosha.

## Kurekebisha na kurudisha

Marekebisho yenyewe yalipanda ndani ya saa moja. Kurudisha rekodi kulihitaji bahati.

Bahati yetu ilikuwa kwamba PostgreSQL ilikuwa imewekewa `log_statement = 'mod'`, mpangilio unaoandika kwenye logi ya seva kila amri inayobadilisha data. Amri huandikwa inapofika, kabla haijajulikana kama muamala wake utathibitishwa. Na psycopg2, dereva tuliyemtumia, hupachika thamani ndani ya amri upande wa mteja kabla ya kuituma. Kwa hiyo kila `INSERT` iliyobatilishwa ilikuwepo kwenye logi ikiwa kamili, na jina la mhudumu na hali mpya ya oda. Tungekuwa tunatumia dereva anayetuma thamani kando ya amri, kazi ya kuzioanisha ingekuwa ndefu zaidi.

Hatukuzirudisha zote kama zilivyo. Baadhi ya amri zilitoka kwenye maombi yaliyoshindwa kihalali, kwa mfano oda iliyokosa mzigo stooni katikati ya mchakato, na hizo zisingepaswa kuwa na historia. Tukalinganisha saa za amri na logi ya seva ya wavuti, tukaacha zilizoangukia kwenye maombi yenye jibu la 500 (hitilafu ya seva), tukalinganisha tena na safu ya `imebadilishwa_saa` ya oda zenyewe. Kilichokubaliana pande zote tatu kilirudi kwenye jedwali, na tuliongeza safu inayoonyesha kwamba rekodi imerudishwa baadaye, ili atakayeisoma ajue haikuandikwa wakati wa tukio.

Tulipokuwa na hofu mpya, tulipita msimbo mzima kutafuta kimya kingine. Kilipatikana kimoja. Ripoti moja iliuliza `if "punguzo" in rekodi:` ili kujua kama ulizo lilileta safu hiyo. Katika 1.3 `in` iliangalia majina ya safu. Katika 2.0 rekodi ni tapo la thamani (tuple), na `in` inaangalia thamani zenyewe. Jibu likawa sivyo kila mara, na ripoti ikatoka bila safu ya punguzo kwa siku hizo zote, na hakuna aliyegundua. Wenzake waliokuwa wakiandika `rekodi["punguzo"]` walikuwa wamelipuka kwa `TypeError` tangu siku ya kwanza na kurekebishwa kuwa `rekodi._mapping["punguzo"]`.

## Uchambuzi

Uamuzi wa kukiondoa kiendelezi cha kati naendelea kuuona ulikuwa sahihi. Hofu tuliyokuwa nayo, ya maktaba mpya kugombana na fremuweki ya zamani, haikutokea mahali popote. Hakuna hata hitilafu moja kati ya tulizozihesabu iliyotokana na Flask 1.1 kukutana na SQLAlchemy 2.0. Zilitokana na kazi za kiendelezi ambazo hatukujua kwamba zinafanywa, au na tabia za 1.3 ambazo hatukujua kwamba tunazitegemea. Kabla ya kuandika daraja tulipaswa kukaa na msimbo wa Flask-SQLAlchemy 2.4, ambao si mrefu, na kuorodhesha kila inachofanya. Tuliufungua baada ya `ALTER TABLE` kuganda.

Kuibakiza `Model.query` kulitusaidia kuliko nilivyotarajia. Mwanzoni nilikuwa upande wa kuandika maulizo yote upya ili mfumo ufanane na huduma mpya. Nilishindwa kwenye kura, na nashukuru. Mabadiliko yakiwa machache, tulipokuwa tukimtafuta mwizi wa historia tulikuwa na faili chache za kushuku.

Kupita 1.4 kabla ya 2.0 ni njia sahihi, ila tuliitumia kama kituo cha kupumzika. Faida ya 1.4 ni kwamba mfumo unafanya kazi kwa tabia ya zamani huku ukinong'ona kuhusu tabia mpya. Ilipaswa kukaa kwenye uzalishaji juma zima, swichi ya maonyo ikiwa imewashwa na maonyo yakikusanywa mahali pake. Njia ambazo hakuna jaribio linalozipita, kama ripoti za usiku na vitufe vinavyobonyezwa mara moja kwa mwezi, zingejitaja zenyewe. Na onyo la kujithibitishia lingeonekana likitoka kwenye mstari uleule kila oda ilipobadilika hali.

Kuhusu majaribio, tulifanya mambo mawili. Mazingira ya majaribio tuliyahamishia kwenye `join_transaction_mode="create_savepoint"`, iliyokuja na 2.0, ili msimbo unaotumia sesheni uthibitishe kikweli ndani ya sehemu yake huku muamala mkubwa ukibatilishwa nje. Lakini hilo lisingeikamata fanksheni ya historia, kwa kuwa haikupita kwenye sesheni. Kwa njia zote za SQL ghafi tukaandika majaribio machache ya pole pole: yanaandika kwa muunganisho mmoja, yanaufunga, yanasoma kwa mwingine ambao haujui lolote kuhusu wa kwanza. Yanachelewesha mzunguko wa majaribio, na kuna aliyekwisha kupendekeza yaondolewe.

Jambo moja halijaamuliwa hadi leo. Baadhi yetu wanataka SQL ghafi ipigwe marufuku, kila kitu kipite kwenye sesheni. Mimi sioni kama ndiyo dawa. Historia iliandikwa nje ya sesheni kwa makusudi. Walioandika hivyo walikuwa na sababu, ila hawakuiandika popote. Sasa juu ya kila `engine.begin()` kuna mstari wa maelezo unaosema kwa nini muamala huo unasimama peke yake.

Logi ya PostgreSQL huzungushwa, na faili ya saa za kwanza baada ya kupandisha ilikuwa imeshafutwa tulipoanza kuitafuta. Pengo la namba linaonyesha takriban rekodi ngapi zilikuwa ndani yake, maana kaunta ilizihesabu zote, na zile ambazo muamala wake ulishindwa kihalali. Oda zenyewe zipo na hali zake ni sahihi. Kilichokosekana ni nani na saa ngapi. Hatukuzipanga upya namba za `id` ili kuziba pengo, na anayefungua jedwali hilo leo atalikuta.